'Plastiki Inayopenda Maji': Tafsiri Tamu Inayopotosha

Mfasiri wa sayansi akikutana na 'haidrofiliki', ni rahisi aandike 'inayopenda maji', na kinyume chake 'inayoogopa maji'. Hajazua kitu: ndivyo Kigiriki kilivyosema. Lakini kuwa mwaminifu kwa Kigiriki si lazima kuwe uaminifu kwa msomaji wa Kiswahili. Hebu tulipeleke neno hili kazini tuone.

Kuna vifaa vya maabara vyenye mifereji myembamba kama unywele, vya kupitisha tone dogo la damu. Vingi hutengenezwa kwa silikoni iitwayo PDMS. Maji juu yake hujiviringa kama juu ya jani la myugwa. Pembe ya mguso ni takribani nyuzi 110. Wataalamu huupiga uso huo plazima ya oksijeni, na tone likatandaa. Basi, raha iko wapi? Baada ya saa au siku kadhaa, minyororo mifupi ya silikoni hupanda kutoka ndani, uso ukarudia hali yake ya zamani. Mkaazi wa Shika Adabu, kule Likoni, ana jina la mtaa wake tayari kuieleza hali hii: plastiki imeshikishwa adabu tu, haijafunzika.

Hapo ndipo 'kupenda' kunapokwama. Kupenda ni jambo la moyoni, ilhali hapa tunazungumzia hali ya uso, yenye kipimo na muda wake.

Tena kuna hatari. PDMS iliyopigwa plazima huwekwa majini ili ichelewe kurudia hali yake. Kipimo cha haraka cha malaria ni kinyume. Ukanda wake wa nitroselulosi nao hutiwa kemikali ili ulowane upesi, lakini pakiti yapaswa kubaki kavu na kufungwa hadi wakati wa kutumia, kwani unyevu na joto hukiharibu. Sasa mwambie mhudumu wa afya ya jamii kwamba ukanda huo 'unapenda maji'. Akikuta pakiti imeingia unyevu wetu wa Pwani, si atasema ni sawa tu?

Kuandika 'haidrofiliki' na kuondoka si dawa. Neno hilo lina nafasi yake kwenye jedwali la mwanakemia, lakini pekee halimwelezi msomaji chochote.

Kiswahili kina 'lowa' na 'lowana', na jikoni twaloweka maharagwe kila siku. Kwa nini tusiseme 'uso unaolowanika' na 'uso usiolowanika'? Kutokana na hapo tunapata 'ulowanikaji', ambao waweza kuongezwa, kupungua na kupimwa kwa nyuzi. Hata ule ugeugeu wa PDMS waelezeka: ulowanikaji umepotea.

Ukiambiwa kitu kinapenda maji, huna la kuuliza tena. Ukiambiwa kinalowanika, utauliza: kiasi gani, na kwa muda gani? Maswali hayo ndiyo anayohitaji mwenye kukitumia kifaa.