Sera ya Usalama na Matabaka Mawili ya Wafanyakazi

Sera za usalama wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa huchukuliwa kuwa kazi ya mafundi: redio za mawasiliano, magari ya deraya, kuta, vibali vya safari. Huo ni usomaji wa juu juu. Sera inayoamua nani aondolewe kwanza hatari inapofika ni siasa, na kada hana budi kuichambua kwa kipimo kile kile anachochambulia mishahara na ardhi.

Tuanze na Umoja wa Mataifa, maana mashirika mengi huufuata. Utaratibu wake umetamka kwamba wajibu wa kwanza wa usalama ni wa serikali mwenyeji. Hapo hatuna ugomvi. Lakini chini yake wafanyakazi wamegawanywa mafungu mawili. Aliyeajiriwa kimataifa anaweza kuhamishwa nje ya nchi. Aliyeajiriwa papo hapo, yaani dereva, karani na mkalimani, huweza kulipwa mshahara wa mbele au kupelekwa mahali pengine nchini. Kutolewa nje ni jambo la nadra kabisa, iwapo tu hatari imemfika kwa sababu ya kazi hiyo hiyo, na kwa idhini ya Katibu Mkuu. Na mlinzi wa kampuni binafsi anayekesha langoni? Huyo kwa kawaida hayumo katika utaratibu huo hata kidogo. Anailinda sera isiyomlinda.

Mkulima wa Magoma atauliza mambo hayo yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa sababu mgawanyo huu Korogwe inaujua tangu enzi za mkonge. Katika mashamba ya mkoloni meneja alikaa kwenye nyumba ya juu, manamba walikaa kambini, na katikati alisimama mnyapara. Ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilimleta mtu kutoka mbali kwa namba, si kwa jina. Hatusemi kwamba shirika la misaada ni shamba la mkonge. Kusema hivyo ni uvivu wa fikra. Tunasema kwamba desturi ya kupima thamani ya mtu kwa mahali alipoandikiwa mkataba haikuzaliwa jana.

Matokeo yake yameandikwa kwa damu. Kigali, Aprili 1994, wageni wa Umoja wa Mataifa waliondolewa, na Wanyarwanda waliokuwa wakifanya kazi nao ofisi moja wakaachwa, wengi waliuawa. Dadaab, Kenya, tarehe 29 Juni 2012, wafanyakazi wanne wa Baraza la Wakimbizi la Norway walitekwa, wakaokolewa siku chache baadaye. Dereva wao Mkenya aliuawa pale pale. Karibu na Kibumba, mashariki ya Kongo, tarehe 22 Februari 2021, waliuawa balozi wa Italia, mlinzi wake na Mustapha Milambo, dereva wa Mpango wa Chakula Duniani. Barabara ile ilikuwa imeidhinishwa kupitika bila msafara wa askari. Dunia ilijua jina la balozi siku ile ile. La dereva, wengi wetu tulilazimika kulitafuta. Hata ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, waliokufa walikuwa 11, na hakuna Mmarekani miongoni mwao. Ubalozi si shirika la kimataifa, lakini lango ni lango.

Watetezi wa sera wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Wanasema raia akiwa katika nchi yake yuko chini ya serikali yake, na shirika likianza kuhamisha raia wa nchi litakuwa linaingilia mamlaka ya taifa. Hoja hii ina uzito wakati wa amani. Inapoteza uzito pale serikali yenyewe inapokuwa ndiyo mwuaji, kama Rwanda, au haipo kabisa. Tena kuna wanaosema ukuta hausaidii. Hao wamekosea: Baghdad, Agosti 2003, watu 22 waliuawa katika ofisi ya Umoja wa Mataifa, na ukuta madhubuti ungesaidia. Ukinzani uko hapa, kwamba kadiri ukuta unavyopanda, kazi ya nje hubaki kwa yule wa papo hapo, na hatari humfuata huko.

Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa baada ya uvamizi wa Guinea na mapinduzi ya Uganda, uliuweka ulinzi mikononi mwa umma. Jirani zetu wa Handeni wanatoa mfano. Wazigua wa Somalia, wajukuu wa waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19, walipokimbia vita miaka ya 1990 walipokewa Mkuyu, kisha Chogo, na watu wanaosema lugha yao. Shirika la wakimbizi lililofanya kazi pale lilikuta mapokezi hayo yapo tayari. Hakuna bajeti inayoweza kuyanunua.

Kwa hiyo halmashauri inapoletewa mkataba wa mradi, madiwani na makada wadai kuonyeshwa kiambatisho cha usalama kabla ya sahihi. Waulize dereva atalala wapi, familia yake italipwa nini, na mlinzi wa lango ameandikwa ukurasa gani.