Nusu ya Mazungumzo: Sifa za Santuri za Awali za Bob Newhart

Wako wadhanio kwamba kichekesho kikishachekwa kimekwisha, wala hakina haja ya kuhakikiwa kama shairi au hadithi. Santuri mbili za Mmarekani Bob Newhart, zote za mwaka 1960, zaikanusha dhana hiyo. Makala haya yakusudia kueleza sifa zake kwa upande wa lugha, na kutaja kasoro moja ambayo sifa hizo hazitoshi kuifunika.

Newhart alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la Illinois, akafariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 94. Kabla ya kuwa mchekeshaji alikuwa mhasibu, kisha mwandishi wa matangazo ya biashara, mjini Chicago. Yeye na mwenziwe walikuwa wakirekodi mazungumzo ya simu ya kuchekesha kwa ajili ya vituo vya redio. Mwenziwe alipojitoa, Newhart aliendelea peke yake, na mazungumzo yakabaki na upande mmoja. Santuri ya kwanza, The Button-Down Mind of Bob Newhart, ilirekodiwa Februari 1960 katika hoteli moja mjini Houston, naye alikuwa hajapata kufanya kazi hiyo mbele ya hadhira ya klabu ya usiku. Ikawa santuri ya kwanza ya vichekesho kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard, na mwaka 1961 ikapewa tuzo ya Grammy ya santuri bora ya mwaka. Ya pili, The Button-Down Mind Strikes Back!, ilitoka kabla mwaka 1960 haujaisha.

Haki yataka tuseme kwamba simu haikuwa uvumbuzi wake. Joe Hayman alikwisha kurekodi Cohen on the Telephone mwaka 1913, na Shelley Berman aliitumia simu katika santuri yake ya mwaka 1959. Basi sifa ya Newhart haimo katika chombo, bali katika namna anavyokitumia kimya.

Mazungumzo ni jengo la watu wawili, na kila jibu huchukua ndani yake alama ya swali lililolizaa. Twaa mfano wa kwetu: mtu apitaye dirishani akasikia neno moja tu, “Marahaba,” hujua mara moja kwamba ndani wamo watu wawili, kwamba mmoja amemwamkia mwenziwe, na kwamba aliyejibu ndiye mkubwa. Nusu iliyosikika imeileta nusu isiyosikika. Newhart ameijenga sanaa yake juu ya kanuni hiyo. Husema, hunyamaza, kisha hujibu. Na katika kimya hicho msikilizaji hulazimika kuyatunga mwenyewe maneno ya mtu asiyekuwapo. Kicheko humtoka kwa kuwa naye ameshiriki kukitengeneza.

Ufundi huu hauko sawa katika vipande vyote. Katika kile cha Abraham Lincoln, wakala wa matangazo wa zama zetu ampigia simu rais huyo kabla ya hotuba ya Gettysburg ya mwaka 1863. Lincoln ataka kuyabadili maneno ya mwanzo, na wakala amsihi ayaache kama yalivyo. Mara nyingine wakala hana budi kuyarudia maneno ya Lincoln ili tuyafahamu, na hapo uzi wa mshonaji waonekana. Walakini maana yake ni nzito kuliko vyote: je, kiongozi anenapo, ulimi ni wake au ni wa wauza sifa? Aliyekwisha kuandika matangazo kwa ujira alijua vema alichokuwa akikiuliza.

Katika kipande cha nahodha wa nyambizi Codfish hamna wa kujibu. Nahodha awaaga mabaharia wake baada ya safari ndefu, na kwa sauti ya upole ya afisa wa ofisini agusia maasi ya mabaharia na kupigwa kwa Miami Beach kwa mizinga. Maneno ni madogo, mambo ni makubwa, na kicheko chazaliwa katika tofauti hiyo. Kigugumizi cha Newhart, ambacho kilikuwa cha kweli, chazidi kuipa nguvu: hapo tunamsikia mtu akitafuta neno la adabu la kuita msiba.

Kwa umbo, kipande cha mwalimu wa udereva ndicho kilicho bora. Mwalimu naye mara nyingine huyarudia maneno ya mwanafunzi wake. Sauti yake peke yake, ikijikaza na kutetemeka, yatuonyesha gari, barabara na hatari. Lakini hapa ndipo penye kasoro niliyoitaja. Mwanafunzi ni mwanamke, na mzaha wote wasimama juu ya dhihaka kongwe kwamba wanawake hawawezi kuendesha gari. Asiyesikika amenyimwa ulimi, kisha amebebeshwa lawama. Lincoln naye hasikiki, ila historia yamtetea. Mwanamke huyu hana mtetezi. Mhakiki asilifiche jambo hili kwa sababu ufundi umempendeza, wala asiukane ufundi kwa sababu ya jambo hili.

Baadaye Newhart alipata umaarufu mkubwa katika televisheni, katika michezo iliyoanza mwaka 1972 na mwaka 1982. Huko aliwekewa wenziwe wa kusema naye na macho yakapata kazi. Santuri hizi za awali ziliachiwa masikio tu. Hiyo ndiyo hoja ya kuzihifadhi, na ndiyo hoja ya kuvisikiliza kwa makini vichekesho vya Kiswahili vilivyorekodiwa kwa ajili ya redio. Tukivipima kwa maneno yake peke yake tutapata nusu ya kazi. Nusu ya pili imo katika vituo, vishindo vya pumzi na vimya, navyo havipatikani ila kwa kusikiliza.