Tulipita kwa bao moja dhidi ya Angola, timu ambayo hatukucheza nayo

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2025 nilikuwa nyumbani Tumati, wilayani Mbulu, nimebanwa kwenye benchi la mbao katika banda la kuonyeshea mpira, na mvua inapiga bati kiasi kwamba mtangazaji tulimsikia nusu nusu. Feisal Salum aliposawazisha dhidi ya Tunisia, dakika chache tu baada ya mapumziko, benchi letu lilibinuka. Mechi ikaisha 1-1. Taifa Stars ikaingia 16 bora ya AFCON kwa mara ya kwanza tangu ianze kushiriki mwaka 1980.

Kelele zilipopungua, mzee mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza, "Wewe binti, si unasoma hesabu huko? Hebu nieleze. Hatujashinda hata mechi moja. Tumepitaje?"

Nikamjibu kwa haraka kwamba tumepita kama mshindwa bora. Akatikisa kichwa. "Najua. Nauliza ubora wake umepimwaje?"

Swali hilo nilirudi nalo chuoni, na nimeona lifae safu yetu hii, kwa sababu mitandaoni watu waligawanyika makambi mawili. Wengine walisema tulistahili kabisa, wengine wakasema tulibebwa na bahati. Makambi yote mawili yalitumia jedwali lile lile la timu za nafasi ya tatu kama ushahidi. Mimi nadhani jedwali lenyewe ndilo tatizo. Halina uwezo wa kujibu swali tunaloliuliza.

Twende kwenye namba kwanza. AFCON ina makundi sita ya timu nne nne. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, halafu kati ya timu sita zilizoshika nafasi ya tatu, nne zinaongezwa. Safari hii Benin, Sudan na Msumbiji walikuwa na pointi tatu kila mmoja, hao wakapita. Ikabaki nafasi moja na timu tatu zenye pointi mbili mbili: Tanzania, Angola na Komoro. Komoro walikuwa na tofauti ya mabao ya hasi 2, wakatoka. Sisi na Angola wote tulikuwa na hasi 1. Sisi tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha ile 1-1 na Tunisia. Angola walifungwa na Afrika Kusini 2-1, wakatoka 1-1 na Zimbabwe, na 0-0 na Misri. Sisi mabao matatu ya kufunga, wao mawili. Basi, tumepita.

Sasa angalia vizuri hapo. Kama tofauti ya mabao ni sawa na sisi tumefunga bao moja zaidi, maana yake tumefungwa bao moja zaidi pia. Sisi tulifunga 3 tukafungwa 4. Angola walifunga 2 wakafungwa 3. Kanuni ikasema wa kwanza ndiye bora. Unaweza kuitetea kwa kusema inahimiza mpira wa kushambulia, sawa, hilo ni suala la ladha. Ila huwezi kusema imepima nani ana timu nzuri zaidi. Angola waliizuia Misri isipate bao, na kwa kanuni hii sare hiyo ya 0-0 haikuwasaidia kama ambavyo 1-1 ingewasaidia.

Na bao moja lina uzito gani? Hapa ndipo sisi watu wa takwimu huanza kukera wenzetu, nivumilie kidogo. Chukua timu mbili pacha, zinazolingana kwa kila kitu, kila moja ina wastani wa kufunga bao moja kwa mechi. Zicheze mechi tatu tatu. Ukitumia mgawanyo wa Poisson, ambao ni chombo cha kawaida cha kuhesabia matukio machache kama mabao, nafasi ya pacha hawa kumaliza na idadi sawa ya mabao ni kama moja kati ya sita. Yaani mara tano kati ya sita utaona mmoja "amemzidi" mwenzake, wakati wewe mwenyewe uliwaumba wakiwa sawa. Mfano huu ni rahisi kuliko mpira wenyewe, lakini somo lake halibadiliki sana ukiuongezea vionjo: mechi tatu ni chache mno.

Kumbuka pia ile penalti ya dakika za mwisho ya Allan Okello wa Uganda. Angeifunga, sisi tungemaliza na pointi moja na makala hii isingekuwepo.

Lakini uchache wa mechi siyo shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba makundi ni visiwa.

Fikiria mwalimu wa shule moja Dongobesh na mwalimu wa shule nyingine Haydom. Kila mmoja ametunga mtihani wake na kuusahihisha mwenyewe. Mtoto wa kwanza amepata 62, wa pili 60. Nani ana akili zaidi? Huwezi kujua mpaka upate daraja la kuunganisha mitihani hiyo miwili: swali moja lililotokea kwenye yote, au mtoto aliyefanya yote miwili. AFCON haina daraja la namna hiyo hatua ya makundi ikiendelea. Hakuna timu ya kundi C iliyocheza na timu ya kundi B.

Nilijaribu kulitafuta daraja kutoka ndani ya mashindano. Nikasema ngoja nihesabu pointi ambazo wapinzani wetu walipata wao kwa wao, mechi zetu zikiwekwa kando. Nigeria 6, Tunisia 3, Uganda 0. Jumla 9. Kwa Angola: Misri 6, Afrika Kusini 3, Zimbabwe 0. Jumla 9. Nilicheka peke yangu maktaba. Ni lazima itoke hivyo, maana timu tatu zikicheza zenyewe kwa zenyewe bila sare, pointi ni tisa hata kama timu hizo ni Brazil, Argentina na Ufaransa, au ni timu tatu za kata yetu. Kisiwa hakiwezi kukwambia urefu wa kisiwa kingine.

Wamarekani wanalijua tatizo hili vizuri. Mashindano yao ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, yale ambayo Hasheem Thabeet wetu alifika nusu fainali akiwa na UConn mwaka 2009, yana timu 68. Kwa utaratibu wa sasa, 31 zinaingia kwa kuwa mabingwa wa ligi zao, na 37 huchaguliwa na kamati. Kamati hiyo inakabiliwa na visiwa zaidi ya 30, ila kuna madaraja: mwanzoni mwa msimu vyuo vya ligi tofauti hucheza pamoja mechi nyingi. Tangu msimu wa 2018/19 wanatumia kipimo kiitwacho NET ambacho kinaangalia ulicheza na nani na wapi. Kumfunga ugenini chuo kilicho ndani ya 75 bora kunahesabiwa kundi moja na kumfunga nyumbani aliye ndani ya 30 bora. Na bado kila Machi wanagombana kuhusu timu za ukingoni! Angalau wanagombania swali lenyewe.

Sisi tuna daraja moja tu, tena la miti: viwango vya FIFA vilivyotumika kugawa vyungu siku ya droo. Vinatokana na mechi nyingi za miaka kadhaa, zikiwemo za kufuzu. Tanzania ilikuwa chungu cha nne, kwa hiyo ikakutana na timu moja ya chungu cha kwanza, moja ya pili na moja ya tatu. Angola ilikuwa chungu cha tatu, ikakutana na chungu cha kwanza, cha pili na cha nne. Kwa kipimo hicho, ratiba yetu ilikuwa ngumu kidogo kuliko yao. Ukinilazimisha kumtetea mtu, hapo ndipo ningesimama kuitetea Stars, siyo kwenye lile bao la tatu. Ila ukweli unanilazimisha kuongeza kwamba Komoro nao walikuwa chungu cha nne. Walifungwa 2-0 na mwenyeji Morocco, kisha wakatoka 0-0 na Zambia na 0-0 na Mali. Mali huyo alitoka sare mechi zote tatu na akapita bila maswali kwa kuwa wa pili. Mkomoro akikwambia ameonewa, mpe kiti akae.

Kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Makundi A na B yalimaliza tarehe 29. Sisi tulicheza tarehe 30. Kabla hatujaingia uwanjani tulishajua Komoro wana hasi 2 na Angola wana hasi 1 na mabao mawili. Ilitosha kuwazidi hao wawili ili kuwa ndani ya nne bora kati ya sita. Maana yake sare yoyote ya mabao, mradi Uganda isiifunge Nigeria, inatupitisha. Na Tunisia, waliokuwa na pointi tatu, sare iliwapitisha pia wakiwa wa pili. Sisemi timu zilipanga matokeo. Sina sababu ya kusema hivyo, na niliiona mechi. Ninachosema ni kwamba Angola, tarehe 29 mbele ya Misri, hawakujua kama bao moja la ziada litakuwa na thamani gani. Sisi tulijua. Mtihani mmoja, lakini mtoto mmoja kapewa majibu ya mwenzake kabla ya kuanza. Mpira uliwahi kuliona tatizo hili Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza wakijua tayari matokeo yapi yanawavusha wote wawili na kuiacha Algeria. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi moja huchezwa saa moja. Jedwali la nafasi ya tatu limelirudisha tatizo lile lile kupitia mlango wa nyuma, kati ya kundi na kundi.

Na usidhani ni kilio cha Angola peke yao. Majirani zetu Kenya, mwaka 2019, walishinda mechi moja (dhidi yetu, 3-2, bado inauma), wakamaliza na pointi tatu, mabao matatu na tofauti ya hasi 4. Wakatolewa. Sudan mwaka 2025 walimaliza na pointi tatu, tofauti ya hasi 4 vilevile, na bao moja tu, ambalo Guinea ya Ikweta walijifunga wenyewe. Wakapita. Ivory Coast, mashindano ya 2023 yaliyochezwa Januari 2024, walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakakaa siku mbili wakiomba Zambia ifungwe na Morocco. Zambia ikafungwa, wao wakapita kama mshindwa bora, halafu wakachukua kombe. Sasa niambie jedwali lilikuwa limepima nini.

Mpaka 2017 AFCON ilikuwa na timu 16, makundi manne, wawili wawili wanapita, kwisha. Mfumo wa 24 unacheza mechi 36 za makundi ili kutoa timu nane. Naelewa kwa nini: nchi zaidi, tiketi zaidi, na bila mfumo huu huenda Stars tungeitazama AFCON nyingi kwenye benchi lile lile la Tumati. Siupingi. Napinga kujifanya kwamba nafasi ya mwisho imetolewa kwa kipimo.

Nilipokuwa kidato cha tatu, kata yetu ilikuwa na ligi ya vijiji, zawadi mbuzi. Makundi matatu ya timu tatu tatu, washindi watatu na mshindwa bora mmoja. Timu ya kaka yangu ilishinda 2-1 na kufungwa 1-0. Tofauti sifuri. Kundi jingine kulikuwa na timu iliyofungwa 3-1, lakini ikapewa ushindi wa mezani wa 3-0 kwa sababu lori la wapinzani lilinasa kwenye tope njiani. Tofauti jumlisha 1. Wakapita wao. Kaka, ambaye alikuwa golikipa, mpaka leo ukimtajia tope anakasirika.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa hapa, Kenya na Uganda, na Kombe la Dunia la 2026 nalo lina washindwa bora wanane kutoka makundi 12. Mimi ningeomba mambo mawili madogo. Timu za nafasi ya tatu zikilingana pointi na tofauti ya mabao, iangaliwe chungu cha wapinzani kabla ya mabao ya kufunga. Ni daraja la miti, lakini linavuka. Na raundi ya mwisho ya makundi yote sita ichezwe siku moja, hata kama saa zitatofautiana kwa sababu ya televisheni. Pengo litabaki, ila saa chache si sawa na siku nzima ya kupiga hesabu.

Mzee wa banda nilimpigia simu wiki iliyopita nikamsomea sehemu ya kile kipande cha visiwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hilo la vyungu lingekuwepo, Stars tungepita bado.

Nikamwambia ndiyo, Angola tungewazidi.

"Basi andika," akasema. "Lakini usiandike mapema sana, Waangola wakakata rufaa."