Mawimbi ya ubao na kesi ya mkanda

Mashine ya randa inapotetemeka, wa kwanza kushtakiwa ni mkanda. Katika karakana za Kamembe, nchini Rwanda, ambako mikaratusi ya milimani hupita chini ya visu vilevile vinavyolainisha mbao za libuyu kutoka Kongo, shutuma hiyo ina mantiki: mkanda ni rahisi kuubadilisha kuliko mota, beringi au shafti. Nakubali kwamba mkanda bora hupunguza mtetemo. Ninachokipinga ni kuununua kabla ya kuusoma ubao, kwa sababu ubao uliotoka mashineni umebeba ushahidi unaopimika kwa rula.

Tuchukue mashine ambayo roli zake husukuma ubao mita 6 kwa dakika. Umeme wa Rwanda, ukiwemo ule wa Ruzizi II, mtambo ulioanza kazi mwaka 1989 kwenye mto wa mpakani, ni wa hezi 50. Kwa hiyo mota ya poli mbili huzunguka takriban mara 2,900 kwa dakika. Puli ya mota ikiwa na kipenyo cha milimita 120 na ya shafti ya visu milimita 80, visu vitazunguka mara 4,350. Mkanda wa milimita 1,400 uko nyuma sana: unamaliza duru yake kama mara 780 tu. Basi kasoro iliyomo ndani ya mkanda huacha wimbi kila baada ya karibu milimita 8, ya mota kila milimita 2, na ya shafti kila milimita 1.4. Pitisha chaki kwa ubavu juu ya ubao, vilele vitajitokeza. Pima mawimbi kumi kwa pamoja, kisha gawanya kwa kumi. (Randa ya kusukuma kwa mkono haifai kwa hesabu hii, maana mkono haushiki mwendo mmoja.)

Yakitokea mawimbi ya milimita 8, mkanda umepatikana na hatia. Mara nyingi chanzo ni mashine kukaa muda mrefu bila kazi huku mkanda umekazwa: mpira hushika umbo la puli, na kila kipande kilichopinda kikipita, mvutano hupanda na kushuka. Mkanda wenye meno upande wa ndani hupinda kwa urahisi zaidi, hasa kwenye puli ndogo. Ule wa pingili zinazounganishwa kwa mkono hauhifadhi umbo hilo, na urefu wake hurekebishwa papo hapo.

Wapo watakaosema pingili ni ghali, na ni kweli. Wa meno hutosha kwa karakana nyingi. Wengine husema kaza tu mkanda wa zamani. Kukaza hunyamazisha kelele kwa muda, lakini mzigo huhamia kwenye beringi, ambazo kuzibadilisha ni kazi kubwa zaidi. Kipimo kinachofaa kwa kawaida ni mkanda kubonyea kama milimita 1.6 kwa kila milimita 100 za umbali kati ya puli, kwa nguvu anayoielekeza mtengenezaji. Hoja ya tatu, ya kulaza mifuko ya mchanga juu ya fremu, naiona dhaifu kuliko zote: fremu hutulia, visu vinaendelea kuruka.

Pingamizi zito ni la puli. Mfereji ulioliwa huufanya mkanda mpya uzame hadi chini badala ya kushika kwa mbavu; sakafu ya mfereji inayong'aa ndiyo dalili yake. Puli zisizo kwenye mstari mmoja, jambo linalogunduliwa kwa uzi ulionyooshwa, zitaula hata mkanda wa bei kubwa. Toa mkanda, washa mota peke yake: ikitetemeka hivyo hivyo, hakuna mkanda wa kununua. Na mashine yenye mikanda miwili au mitatu ibadilishiwe yote kwa mpigo, ya seti moja, kwani mpya mmoja kati ya iliyolegea hubeba kazi yote peke yake.