Subaru Wamelipandisha Paa Bure

Outback mpya ilipooneshwa New York Aprili 2025, wengi wenu mlijadili taa na plastiki za pembeni. Mimi sikuweza kuondoa macho kwenye paa. Modeli ya 2026 imesimama wima, boneti juu, mlango wa nyuma umenyooka kama wa Forester, na steshenwagoni iliyozaliwa katikati ya miaka ya 1990 imegeuzwa SUV nyingine sokoni. Huo ni uamuzi mbaya, na ubaya wake ni wa kiufundi kabla hatujafika kwenye sura.

Tunaambiwa familia zinataka gari la juu. Juu wapi? Outback ya BT, kizazi kilichotangulia hiki kipya, iliyouzwa Marekani ilikuwa na inchi 8.7 kutoka ardhini hadi tumboni, karibu milimita 220. Forester ya wakati huo ilikuwa na inchi 8.7 hizo hizo. RAV4 ya kawaida iliyoingia mwaka 2019 ilikuwa na 8.4. Kwa hiyo jiwe lililoikwaruza RAV4 tumbo, steshenwagoni ililipita salama. Hata iliyouzwa Japani, yenye milimita 213, haikuwa gari la kuogopa tuta. Paa halivushi mtu kwenye korongo.

Sasa wameinua paa na kuliacha tumbo palepale, kwa inchi zilezile 8.7. Wamepata nini? Bati, kioo na hewa. Bati na kioo vikikaa juu, kitovu cha uzito kinapanda. Dereva akikwepa ng'ombe ghafla, gari linalala zaidi na mzigo unahamia matairi ya upande mmoja. Hawa ndio watu ambao kwa miongo wametuhubiria injini ya boksa, pistoni zimelala kushoto na kulia, ili uzito ukae chini. Walikuwa sahihi. Kwa nini basi ushushe injini halafu uinue nyumba iliyo juu yake?

Kisha upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: kwenye kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ule wa kwenye 50, na kadiri uso wa gari unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyozidi. Ndani ya mji hutaona tofauti. Nenda Mombasa kutoka Nairobi, au Dodoma kutoka Dar, watoto nyuma na mizigo imejaa, halafu uulize bei kwenye pampu.

Wengine watasema nafasi. Kwa vipimo vya Japani, buti ya BT ilibeba lita 561; ya SK, yaani Forester ya wakati huo, 520. Steshenwagoni iliishinda SUV ya kampuni yake yenyewe. Familia hubeba kwa urefu wa sakafu: masanduku mawili, kigari cha mtoto, gunia la mchele. Mzigo uliopangwa kwenda juu unaziba kioo cha nyuma, na ukikanyaga breki kwa nguvu unamfuata mtoto kichwani.

Mazuri yapo: vitufe vya kiyoyozi vimerudi, havimo tena kwenye skrini.

Nimelalamika tangu 2014, walipoiondoa Legacy ya wagoni Japani wakatupa Levorg, gari tamu la lami lakini fupi na la chini. Volvo nao waliacha kuuza wagoni Uingereza mwaka 2023, wakazirudisha V60 na V90 mwaka uliofuata. Somo hilo lilikuwa wazi kwa kila mtengenezaji.

Mnaokumbuka Legacy ya BP ya 2003 mnajua kazi ya kutengeneza wagoni ilivyofanywa na watu walioiamini. Waliweka boneti ya alumini, wakapunguza uzito, gari likatoka jepesi kuliko BH iliyolitangulia, na likawapa Subaru tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa mara ya kwanza. Outback ya 3.0R ya kizazi hicho ilikuwa na silinda sita, cheni badala ya mkanda, milango ya vioo visivyo na fremu, na mwendo wa kutulia ambao SUV za leo za bei yake hazina. Baba alifika kijijini, mama alilifurahia barabara kuu, na hakuna aliyehitaji ngazi kumfunga mtoto kwenye kiti chake.

Japani yenyewe iliacha kuuza Outback Machi 2025. Kwa sheria ya Kenya inayozuia kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, za mwisho kutoka huko zitaruhusiwa kuingia hadi 2032, kama sheria haitaguswa. Ikiwa una watoto wawili au watatu na unaagiza gari mwaka huu, usikubali dalali akupandishe SUV kwa kisingizio cha kimo. Tafuta BT, au BS iliyoitangulia, ya miaka ya mwisho, yenye milimita 200 kutoka ardhini. Ingia chini yake na futi ya kupimia, dai kumbukumbu za kubadilisha mafuta ya giaboksi ya CVT, jaribu mwenyewe kuweka kiti cha mtoto nyuma, ndipo ulipe.