Aliinua Kiswahili, Watu Wakapotea: Idi Amin katika Vifungu vyetu vya Ufahamu

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda. Vitabu havijatosha, hivyo walimu wengi hujitungia vifungu vya ufahamu. Katika maandalio ya wanafunzi wetu wanaofanya mazoezi ya kufundisha huku Makindye, mada moja hujirudia: maisha ya Rais wa zamani, Idi Amin Dada. Tunaona inafaa kuvihakiki vifungu hivyo, kwa kuwa si suala la historia tu, bali pia la lugha.

Kwa kawaida kifungu hufuata mkondo mmoja. Amin alizaliwa yapata mwaka 1925, akajiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akampindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, akang'olewa Aprili 1979, akafariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Mwishoni mwanafunzi huulizwa: “Taja mchango wa Idi Amin katika kukuza Kiswahili.” Tarehe hizo ni sahihi. Kasoro imo katika vitenzi.

Hebu tutazame. Panapotajwa jambo la kusifiwa, mtenda yupo waziwazi: “Amin aliinua Kiswahili.” Panapotajwa maovu, mtenda hutoweka: “Watu wengi walipotea”, “Waasia waliondoka nchini.” Kupotea ni jambo linaloweza kumpata hata mbuzi, wala halimhitaji mhusika. Waasia nao hawakuondoka kwa hiari. Agosti 1972 Amin aliwapa siku 90 wawe wametoka. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi anajua fika tofauti ya kupotea, kupoteza na kupotezwa. Ya nini basi kuisahau maarifa hiyo pale inapohitajika zaidi?

Makindye yenyewe inatoa mfano. Tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha walimkamata Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka katika Mahakama Kuu, Kampala. Hakuonekana tena, na maelezo ya baadaye yanasema aliuawa katika gereza la kijeshi la hapa Makindye. Katika gereza hilohilo, kwa ushuhuda wa walionusurika, chumba cha waliokuwa wakisubiri kuuawa kiliitwa “Singapore”. Obote alikuwa Singapore alipopinduliwa, na wakati wote wa utawala wa Amin hakurudi Ikulu. Na aliyeingizwa chumba hicho naye hakurudi. Huo ni utani wa wauaji, na ni tafsida kamili. Mwanafunzi anayepita karibu na kambi ile kila asubuhi akienda shuleni anastahili kujua kwamba tafsida haipambi mashairi tu. Huweza pia kufunika damu.

Tuligeukie sasa swali la mchango. Ni kweli kwamba mwaka 1973 wajumbe wa wilaya walipiga kura kuhusu lugha ya taifa, wilaya 12 zikaunga mkono Kiswahili na 8 Kiganda, na Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini tangazo si mchango kamili. Kiingereza kilibaki lugha rasmi, na shule hazikupata walimu wala mpango wa maana wa kukifundisha Kiswahili. Kilichoenea zaidi ni Kiswahili cha kambini na cha vizuizi vya barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini. Wazazi wengi wa Buganda waliijua lugha hii kwa njia hiyo, na chuki yao ina sababu.

Hapa ndipo tunaposhikwa pabaya. Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tukimpamba Amin ili kupata shujaa wa Kiswahili, tunawathibitishia wazazi hao kwamba wetu ni mzigo wa askari. Mtetezi bora yuko katika historia ileile: Aprili 1979, jeshi la Tanzania lililoingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni lilizungumza Kiswahili pia. Lugha ya aliyeangushwa ndiyo iliyokuwa lugha ya waliomwangusha. Lugha haina hatia wala utakatifu; kinachohukumiwa ni kinywa kinachoitumia.

Wapo watakaosema mwalimu wa lugha aachane na siasa na kumwachia mwalimu wa historia. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama vifungu vyenyewe visingekwisha kuchagua upande kwa sarufi yake. Tunapendekeza zoezi jepesi. Wanafunzi wapewe sentensi kama “Jaji Mkuu alipotea”, waulizwe: nani alitenda? Kisha waiandike upya, mtenda akitajwa pale ushahidi unapomtaja. Wafanye vivyo hivyo kwa sifa: aliinua Kiswahili kwa kufanya nini, wapi, na kwa nani? Kipindi kimoja chatosha. Watakuwa wamejifunza kauli za vitenzi, na watakuwa wamemsoma Idi Amin bila kumpaka rangi wala kumfanya kichekesho.