Bohari Iliyozishinda Stesheni

Wasomaji wetu wengi wamepata kusimama katika stesheni ya reli na kungoja gari la moshi. Karibu na stesheni waliiona pia bohari ya shehena, nyumba ndefu isiyo na pambo, yenye milango mingi. Stesheni husifiwa, bohari hakuna aitazamaye mara ya pili. Twataka kuipima hukumu hiyo kwa habari za mji wa Los Angeles, katika jimbo la California, Marekani. Huko majumba ya reli yamekwisha kupita katika jaribu la miaka mingi, nayo matokeo yake si yale ambayo mtu angeyatazamia.

Mwaka 1888 kampuni ya Southern Pacific ilifungua katika mji ule stesheni kubwa ya mbao iliyoitwa Arcade Depot. Haikutimiza miaka 30. Mwaka 1914 Central Station ilifunguliwa, na ile ya mbao ikabomolewa. Mbele yake palikuwa na mti mrefu wa jamii ya minazi. Watu waliuonea huruma, wakaung'oa pamoja na mizizi yake, wakaupanda tena katika bustani ya Exposition Park, nao ukashika na kukua. Central Station nayo ilibomolewa mwaka 1956. Basi mti mmoja uliishi kuliko stesheni mbili.

Kampuni ya Santa Fe ilikuwa na stesheni yake, La Grande, iliyofunguliwa mwaka 1893. Ilijengwa kwa matofali mekundu, na juu yake palikuwa na kuba kama za majumba ya Waarabu wa Magharibi. Mwezi wa Machi 1933 nchi ilitetemeka, kuba ikaharibika hata ikaondolewa. Wengine husema kwamba tetemeko ndilo lililoiua stesheni ile. Sisi hatukubali. Magari yaliendelea kufika pale miaka sita baadaye, wala wasafiri hawakukosa tikiti kwa sababu ya kukosa kuba. La Grande iliishiwa na kazi mwaka 1939, kampuni tatu za reli zilipokusanywa katika stesheni moja, Union Station. Mwaka 1946 ikabomolewa.

Sasa tuitazame bohari. Mwaka 1907 Santa Fe ilimaliza kujenga nyumba ya shehena kwa zege lenye vyuma ndani yake. Msanifu wake alikuwa Harrison Albright. Urefu wake ni karibu mita 380, na upana wake ni mdogo sana ukilinganishwa na urefu huo. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza: mizigo iliingia kwa upande mmoja ikatoka kwa upande wa pili, kati ya mabehewa na magari ya mjini. Kwa hiyo ilihitaji milango mingi, sakafu yenye nguvu, na nafasi isiyokatwa na kuta. Hakuna aliyeijenga ili isifiwe.

Malori yalipochukua shehena ya reli, bohari nayo ilikosa kazi, ikakaa tupu. Walakini haikubomolewa. Mwanzoni mwa karne hii chuo cha usanifu wa majengo kiitwacho SCI-Arc kilihamia humo, na mwaka 2006 nyumba ile iliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kumbukumbu. Vijana wajifunzao kujenga hukaa palipowekwa magunia na masanduku. Nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya mizigo ilifaa kwa madarasa. Zege lililochukua uzito wa shehena halikushindwa na meza za wanafunzi. Stesheni yenye kuba iliweza kuwa stesheni tu. Bohari iliweza kuwa kitu kingine.

Hapa msomaji aweza kutujibu: Je, Union Station haikusalia, nayo ni nzuri? Ni kweli. Ina kuta nyeupe, mnara wa saa, na bustani mbili kando ya ukumbi wa kungojea. Hata ilipopungukiwa na wasafiri haikuvunjwa, na tangu mwaka 1993 reli ya chini ya ardhi imeipa kazi mpya. Lakini uzuri wake tusiusifu kwa jicho moja. Kiwanja kile kilikuwa mtaa wa Wachina, na wengi wao walikuwa wapangaji tu. Nyumba zao zilibomolewa, wakaambiwa waondoke. Karibu na mwaka 1990, wachimbaji wa reli ya chini ya ardhi walifukua vyombo vya watu wale, vilivyofunikwa chini ya stesheni. Mji ulioupa mti mmoja bustani mpya haukuwatafutia majirani hawa mahali kwa uangalifu kama ule. Atakayeandika sifa za jumba hilo na ayaandike haya pia.

Wala hatusemi kwamba kila cha kale kihifadhiwe. Stesheni ya mbao ilikuwa na hatari ya moto, na mji unaokua hauwezi kuishi katika nyumba za babu zake zote. Kosa la Los Angeles, kwa maoni yetu, lilikuwa kuuliza swali moja tu: Je, magari yafika hapa bado? Jibu lilipokuwa la, nyundo ililetwa. Hakuna aliyeuliza: Je, nyumba hii yaweza kazi gani nyingine?

Swali hilo latuhusu. Reli mpya ya Mombasa hata Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam hata Morogoro mwaka 2024, zote zikiwa na stesheni mpya. Kando ya njia za zamani zimo stesheni ndogo na bohari zilizojengwa kwa jasho la wazee wetu. Watakapokuja wenye kuzihukumu, tusiwaonyeshe mapambo tu. Tuwafungulie milango ya bohari, tuwaonyeshe sakafu, tuwaambie ni madarasa mangapi yangeenea humo.